Kabati Lililotiwa Gundi

Maboksi yalifika Ijumaa kabla ya adhuhuri, matatu, bapa, wachukuzi wawili wakihema ngazi nzima. Baba aliyatazama kutoka kwenye kiti chake cha dirishani mpaka yakaegemezwa ukutani na mlango ukafungwa.

"Hicho nini?"

"Kabati, Baba."

"Kabati liko wapi?"

"Limo humo ndani. Unaliunga mwenyewe."

Akayapima kwa jicho moja, kama anavyopima ubao. "Nimeunga makabati miaka arobaini," alisema, "sijaona kabati linalokuja limekufa, limeshavikwa sanda, halafu unaambiwa ulifufue."

Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia na nusu ya tabasamu, lakini ulimi kiliuacha kama kilivyoukuta. Kwao kila mtu anamwita Fundi, hata watoto wasiojua ni fundi wa nini. Kitanda nilichozaliwa juu yake, dawati nililosomea, jeneza alimolazwa mama: vyote vilitoka mikononi mwake. Sasa mkono mmoja alikuwa akiubeba mfukoni, kama mtu aliyeficha kitu alichokiokota.

Alikuwa na wiki tatu kwetu tangu atoke hospitali. Daktari alisema asiishi peke yake, na kwake ni peke yake kweli. Kaka yangu hupanda minara ya simu, wiki hii mji huu, wiki ijayo mji mwingine. Kwa hiyo tulimpa Baba chumba kidogo, tukakiondolea meza ya pasi na takataka za mume wangu, tukamwambia hapa ni kwako.

Hakutuamini. Nilijua kwa sababu ya begi. Kila asubuhi alilibana kwa magoti, akavuta zipu kwa mkono wa kushoto, akatoa shati moja, akalifunga begi mpaka mwisho na kulirudisha miguuni pa kitanda, limeelekea mlangoni. Wiki tatu hajatundika hata leso. Na siku ya Jumatano nilimsikia akizungumza na kaka kwenye simu: "Njoo Jumapili unichukue."

Nilimsubiri akate.

"Nani atakupikia?"

"Nina jiko."

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka kwangu."

Akanionea huruma, akateremsha sauti. "Mume wako ananyata ndani ya nyumba yake, mwanangu. Nimemwona. Anavua viatu mlangoni, anakohoa ndani ya kitambaa. Mtu asinyate kwake kwa ajili yangu."

Ndipo nikaagiza kabati. Niliwaza hivi: mwenye begi huondoka, mwenye kabati hufikiri kwanza. Fundi wa kunichongea moja kwa siku mbili nisingempata, na ningempata mfuko wangu ungemkimbia. Kabati la boksi ndilo lililolingana nami: jeupe, milango mitatu, limepita kimo changu.

Baada ya chakula cha mchana Baba aliingia kulala, nami nikafungua maboksi sebuleni. Ndani mlikuwa na mbao za unga wa mti uliogandishwa na kuvikwa ngozi ya plastiki, mfuko wa skrubu, vijiti vya mviringo, kispana kilichopindwa, na karatasi ya maelekezo isiyo na neno hata moja. Michoro tu. Mtu mmoja asiye na nywele alikuwa akiunga kabati ukurasa kwa ukurasa huku anacheka. Nilimfuata kwa makini, maana mimi kazi yangu ni kukata lenzi na kuzifunga kwenye fremu za miwani, na nusu milimita kwangu ni kosa. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonishangaza. Mtu yule alishika nyundo, alishika bisibisi, gundi hakuigusa. Alitumbukiza vijiti vikavu kwenye matundu makavu, akaendelea kucheka.

Nikasema, huyu hakulelewa.

Utotoni, kwenye karakana ya Baba, kaka alipewa msumeno. Mimi nilipewa msasa na kopo la gundi. "Msumeno unakula vidole," Baba alisema, na mjadala ukaishia hapo. Kaka alikata huku analia, maana hakuipenda kazi ile. Mimi niliipenda mpaka harufu yake, nikapaka gundi. Nilijua kuipaka. Kila kiungo kilipita kwangu kwanza: brashi, gundi, kubana, halafu kitambaa chenye maji kufuta iliyotoka nje. Baba akanibatiza jina la Gundi, na sheria yake akaniimbia mpaka nikaiota: kiungo bila gundi ni uchumba bila ndoa.

Basi nililiozesha lile kabati. Kila kijiti, kila mfereji, kila kona. Nilifuta hata matone. Saa kumi lilikuwa limesimama sebuleni, limekauka, nikaligonga kiunoni halikutoa hata mlio. Moyoni nilijisikia mtoto wa Fundi.

Mume wangu akarudi. Huendesha gari la mkate. Hutoka kabla jogoo hajasafisha koo na hurudi alasiri ananuka unga. Alivua viatu mlangoni, akaliona kabati, akanipongeza kwa kunong'ona. Tukalishika huku na huku kulipeleka chumbani.

Ukumbini liliingia. Mlango wa chumba kidogo uko ubavuni mwa ukumbi mwembamba, na pale ndipo lilipogoma. Tulilisimamisha, tukalilaza, tukaliinamisha.

"Sogeza upande wako!"

"Upande wangu umeisha, mke wangu, hapa nimebaki na ukuta!"

Tukalisukuma kidogo zaidi. Kona ikaingia kwenye fremu ya mlango, ikakwama, na ndani ya chumba tukasikia kitanda kikilia, kisha miguu, mmoja ukikanyaga, mwingine ukiburuta. Jicho la Baba likatokea kwenye mwanya.

"Mnanizika?"

"Hapana, Baba," mume wangu alisema. "Tunakuletea kabati."

"Naliona. Na mimi nataka kwenda msalani."

Tulivuta. Halikutoka.

"Msivunje fremu ya watu," Baba alisema kupitia mwanya, kwa utulivu, kama daktari. "Lifungueni. Si mlisema ni la kuunga? Kinachofungwa hufunguliwa. Toeni skrubu, mliingize ubao mmoja mmoja, mliunge humu."

Nikamwangalia mume wangu. Akaangalia skrubu. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Halifunguki, Baba."

"Kwa nini halifunguki?"

"Nimelitia gundi."

"Wapi?"

"Kila mahali."

"Kabati la boksi? Nani alikutuma ulitie gundi?"

"Wewe."

Jicho likatoweka kwenye mwanya. Nikasikia kitu kama kikohozi, kisha kama mtu anayekabwa, na mume wangu akapauka. "Baba? Baba, niite daktari?"

"Ita seremala!" Baba alijibu, na hapo nikatambua kwamba anacheka. Alicheka ameegemea fremu, anapiga kabati kwa kiganja cha kushoto, "uchumba bila ndoa, uchumba bila ndoa," mpaka machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kabla ya hospitali. Mume wangu hakuwa amemsikia kabisa. Naye akaanza, kwa woga kwanza, kisha kwa sauti yake halisi, ile kubwa ambayo wiki tatu hatukuisikia ndani ya nyumba. Tulivuta kabati huku tunacheka, likaachia fremu, Baba akapita kwa ubavu na kuwahi msalani.

Aliporudi uso ulikuwa mwingine. Alilizunguka kabati, akaligonga, akapitisha kidole kwenye viungo na kutikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa mkono wa kulia mfukoni, akajaribu kufungua mlango. Vishikio vilikuwa vidude vya mviringo, vidogo kama punje ya njegere. Vidole vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza. Akaurudisha mkono mfukoni.

"Umeliunga vizuri," alisema. "Jumapili nikishaondoka, libakizeni sebuleni mtie vyombo."

Akaenda kuketi dirishani.

Nilibaki nimesimama na kispana mkononi. Nilikuwa nimenunua kabati ili asiondoke, na kabati lenyewe limemfungia mlango, kisha likamkumbusha mkono. Nikasogea, nikakaa sakafuni mbele ya kiti chake.

"Nifundishe kukata."

"Kukata nini?"

"Halipiti zima, lipite nusu nusu. Kaka ulimfundisha msumeno. Mimi hukunifundisha."

Aliutazama mfuko uliobeba mkono. "Mwanangu, mimi sasa sina mkono."

"Mkono ninao mimi. Wewe lete jicho."

Aligeukia dirisha. Chini mtaani mtu alikuwa anafunga duka, bati linashuka kwa vishindo. "Niletee begi langu," akasema.

Nilimletea. Alilibana kwa magoti, akavuta zipu, akachimba chini ya mashati, akatoa taulo lililoviringishwa. Ndani ya taulo mlikuwa na msumeno wake, ule wa meno madogo wenye mpini uliochukua umbo la kiganja chake. Watu hubebewa hospitali sabuni na kandambili. Yeye alikuwa amebebewa msumeno, na wodi nzima haikujua.

"Kesho asubuhi," alisema. "Kwenye mwanga. Msumeno haupendi kubahatisha." Akafunga zipu ya begi mpaka mwisho.

Jumamosi pia nilikuwa sina zamu kwenye duka la miwani. Tulianza na kipimo. Alisimama ubavuni mwa kabati, akaweka kiganja cha kushoto kwenye nyonga yake, akakihamishia kwenye ubao. "Hapa."

"Kwa nini hapo?"

"Kwa sababu hapo mkono wa mtu unafika bila kuomba."

Nilishika rula, yeye akashika penseli. Mstari ulitambaa, ukayumba, ukafika. Tuling'oa milango, nayo haikuwa na gundi, na ilikuwa na bawaba nne kila mmoja, mbili juu, mbili chini, kama vile waliolitengeneza waliniona nakuja. Tukalilaza kabati juu ya viti viwili. Akaniamuru nibandike utepe wa karatasi juu ya mstari, kisha niuchanje kwa kisu mara tatu, ili ngozi ya plastiki isibanduke.

"Huu si ubao," alisema. "Hili ni vumbi lililoshikana mikono. Usipolibembeleza litaachiana."

Nikaweka msumeno. Nikasukuma. Ukaruka, ukang'ata pembeni.

"Unagombana naye. Kosa gani kakufanyia? Uzito wake unatosha, wewe muonyeshe njia tu."

Nikasukuma tena, ukakwama.

"Kiwiko kiko wapi?"

"Hapa."

"Hapo ni kwa jirani. Kilete ubavuni." Akasimama nyuma yangu, akanishika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akakipeleka mbele, akakirudisha. Mbele, nyuma. Alikuwa akinielemea kidogo, nikausikia uzito wake mgongoni, mwepesi kuliko nilivyoukumbuka. Mbele, nyuma. Vumbi likaanza kudondoka sakafuni, jembamba, bila haraka, na ghafla msumeno ukaacha kulia ukaanza kukohoa taratibu, ule mlio niliolala nao utoto wangu wote nikiwa upande wa pili wa ukuta.

"Ndiyo huo," alisema sikioni. "Ndiyo huo."

"Mstari umepinda, Baba."

"Umechorwa na mkono wa kushoto. Huyo bado mwanafunzi. Wewe nyooka."

Ilituchukua asubuhi nzima: ubavu mmoja, ubavu wa pili, ubao wa katikati, mgongo, kisha milango yote mitatu. Mlango wa mwisho niliukata yeye ameketi, hajanishika. Nilipomaliza nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Lete mikono," alisema. Nikampa. Akaigeuza, akahesabu kwa kunigusa kidole kimoja kimoja kama alivyofanya nikiwa mdogo. "Kumi."

"Kumi, Baba."

"Basi niliogopa bure miaka yote ile." Aliendelea kuishika. "Kaka yako nilimlazimisha, wewe nikakunyima. Fundi mzima, nikapima watoto vibaya."

Nikamwachia mikono. Kuna maneno ukiyajibu unayapunguza.

Mume wangu alirudi mchana na kukuta makabati mawili ya kiunoni mahali pa moja. Kingo tulizokata zilikuwa zimeachwa uchi, vumbi la mbao linaonekana kama mkate uliokatwa. Nilikuwa nimepata kwenye duka la vifaa utepe mweupe wa plastiki wenye gundi nyuma, ule unaobandikwa kwa pasi. Nikaushika utepe, nikaishika pasi, Baba akainua jicho.

"Hapana," mume wangu alisema. Mtu huyu balbu huibadilisha kwa kusali, lakini shati lake ukiliona utadhani limezaliwa hivyo. "Msumeno ni wenu. Pasi ni yangu."

Alipiga pasi kingo zile kama ukosi wa bwana harusi, ulimi nje, Baba akimsimamia.

"Nani alikufundisha, mkwe?"

"Mama yangu, Baba. Alisema mke anaweza kuchelewa kupatikana, mikunjo haichelewi."

"Mama mwenye akili. Kona hiyo rudia." Kisha, baada ya muda: "Na viatu vyako vivae. Sakafu hii baridi."

Vilibaki vishikio. Nilikuwa nimevitupa vile vidude vya njegere. Nilichukua mkanda wa zamani wa mume wangu, uliomkimbia tumbo, nikaukata vipande, nikavikunja vikawa vitanzi vipana vya kuingiza vidole vyote. Nilipotaka kuvifunga vyote upande unaofaa mkono wa kushoto, Baba akanizuia.

"Hiki weka kulia."

"Lakini Baba, kulia..."

"Yule dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali si alisema mkono upewe kazi? Mashati yatakaa nyuma ya mlango wa kulia. Ukitaka shati, uvute. Usipovuta, utembee kifua wazi kwa mkwe wako." Alikuwa anausemesha mkono wake.

Nusu ya juu tuliiwekea sakafu kwa rafu iliyobaki, tukaiingiza chumbani. Ilipita kwa ubavu bila kugusa fremu. Nusu ya chini ilibaki sebuleni chini ya dirisha, haina kifuniko, imeachama. Nikauliza tuifanyeje.

"Hiyo iache," alisema, na sikupata zaidi.

Jioni nilipita mlangoni kwake. Kabati lilisimama kando ya kitanda, jeupe, tupu. Begi lilikuwa miguuni pa kitanda, zipu imefungwa mpaka mwisho, limeelekea mlangoni. Nilimtakia usiku mwema, nikaenda kulala nimegeukia ukutani. Mume wangu aliniwekea mkono mgongoni.

Kaka alifika Jumapili saa tatu na gari la kuazima. Aliingia anapiga kelele kama kawaida yake, akanikumbatia, akaona nusu kabati chini ya dirisha. "Gundi, hii nini? Panya wamekula juu?"

"Nimeikata mimi."

"Wewe? Kwa msumeno? Na Baba yuko hai?"

Baba alitoka ukumbini. Alikuwa amevaa shati la bluu, vifungo viwili havijafungwa. Nililitazama shati lile bila kuelewa kwa nini nalitazama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umechelewa."

"Foleni. Begi liko wapi nilishushe?"

"Chumbani. Libebe."

Kaka akaingia. Nikageukia dirisha ili nisione begi likipita. Nikasikia akilinyanyua, kisha akatokea amelishika kwa kidole kimoja.

"Mbona jepesi?"

"Lina karatasi tu. Fungua."

Kaka akavuta zipu. Ndani mlikuwa na kipande cha yale maboksi, kimeandikwa kwa penseli kwa herufi zinazoyumba kama mstari wetu. Akasoma kwa sauti, akikwama kwama: "Randa ndogo. Patasi mbili. Msasa. Jiliwa la kubania mbao. Uso wa meza ya jikoni ya mama yenu, uufungue taratibu, usiuvunje."

"Jiliwa lina uzito wa ng'ombe, Baba!"

"Ndiyo maana nimekuita na gari. Ule ubao wa meza utakaa hapa." Akaweka kiganja cha kushoto juu ya nusu kabati iliyoachama, palepale kiunoni. "Hii ndiyo meza yangu ya kazi. Kuna mtoto hapa msumeno ameuanza akiwa mtu mzima, ana kiwiko kibaya, hajui hata kunoa. Nikimwacha ataliozesha hata jokofu."

Mume wangu akacheka, kwa sauti yake halisi, amevaa viatu. Mimi nilikuwa nimeshapita ukumbini. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilivuta kitanzi cha kulia: mashati matano yametundikwa, yamekaa upande upande, moja limeshikwa bega moja tu, lakini yote yako juu. Chini yake soksi, na taulo lililokuwa limeficha msumeno, limekunjwa.

"Mlango huo unalia," Baba alisema nyuma yangu. Alikuwa amenifuata, mguu mmoja ukikanyaga, mwingine ukiburuta. "Bawaba ya juu umeikaza mno. Leta bisibisi."

Nikaleta. Nikampa, na yeye akaipokea kwa mkono wa kulia, ikaanguka, tukaiokota, akaipokea tena.